Kundi Zima

Mwalimu alikuwa na mambo mawili ya kujivunia duniani, na yote mawili aliyatangaza bila kuombwa. La kwanza, hajawahi kushika kikokotoo kujumlisha kitu kinachoweza kujumlishwa kichwani. La pili, binti yake. Ukienda kumtembelea utasikia habari za yote mawili, na ukiaga mapema atakusindikiza mpaka barabarani ili amalizie.

Binti mwenyewe alipachikwa jina la Chiriku tangu utotoni, kwa sababu siku alipojua kusema alisema, na mpaka leo hajafunga mdomo. Sasa ni mtafiti mwenye koti jeupe na funguo za maabara, anasomea shahada ya uzamivu, na kazi yake ni kuchunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa ndani ya seli. Vipimo aliviweza. Hesabu ndizo zilizomtoa jasho. Alipokwama hakuhangaika kutafuta mtu mbali. Alikuja nyumbani, akakalia mkono wa kiti cha baba yake kama alivyozoea tangu miguu yake haijafika chini, akamwambia kwamba kustaafu kumemharibu, kutwa anagombana na redio, kwa hiyo aje amsaidie.

Mwalimu alijifanya kufikiri. Alikohoa, akatazama dari, akasema ataangalia kama ana nafasi. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani yake pembeni, alicheka mpaka mshono ukaenda upande, maana tangu astaafu mume wake hakuwa na kitu kingine ila nafasi.

Tusitishane kwa maneno makubwa. Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kuna bakteria wenye jeni ya kuwawezesha kula sukari ya aina fulani. Sukari hiyo isipokuwepo, jeni inakaa kimya, kwani hakuna haja ya kuandaa vyombo wakati hakuna chakula. Sukari ikija, jeni inawashwa. Chiriku alikuwa ameiunganisha jeni hiyo na kipande kinachotoa mwanga wa kijani, ili ikiwashwa bakteria wang'ae na mtu aone kwa macho yake. Swali lake lilikuwa moja tu: bakteria waliokwisha kuwaka ukiwapunguzia sukari, watazimika papo hapo, au wataendelea kuwaka kwa sababu walikwisha kuionja?

Mwalimu alilielewa swali kwa njia yake. Alimwambia mkewe afikirie pipa lenye bomba juu na tundu chini. Bomba likileta maji mengi kuliko yanayovuja, pipa linajaa. Likileta machache, linakauka. Sasa pipa hili bomba lake lina wazimu: kadiri maji yanavyopanda ndivyo lenyewe linavyozidi kujifungua. Ndiyo jeni ya Chiriku hiyo. Inatengeneza protini, protini inakwenda kuingiza sukari ndani, na sukari inarudi kuisukuma jeni itengeneze protini zaidi. Mkewe alisema pipa la namna hiyo yeye asingelinunua.

Lakini Mwalimu alilipenda hilo pipa, jamani. Aliandika milinganyo miwili, mmoja wa kinachoingia na mmoja wa kinachotoka, akaiweka kwenye kompyuta yake ndogo iliyokaa pembeni mwa kitanda, na jibu lilipotoka akasimama peke yake chumbani akapiga makofi. Milinganyo ilisema kwamba kwa kiwango kilekile cha sukari kuna majibu mawili. Kundi la bakteria lililokwisha kushiba huko nyuma litabaki linawaka. Kundi ambalo halijawahi kuonja litabaki gizani. Sukari moja, chombo kimoja, siku moja, majibu mawili, na kinachotofautisha ni yale yaliyowapata zamani tu.

"Wana kumbukumbu," alimtangazia mkewe. "Vidudu visivyo na kichwa, vina kumbukumbu."

Mkewe alimjibu kwamba ni vizuri, basi aviulize miwani yake iko wapi, maana asubuhi yote anaisaka na imo kwenye jokofu, juu ya mayai.

Alicheka kwa sauti ili asionekane ameumia. Kwa kweli alikuwa ameumia. Miwani kwenye jokofu haikuwa mzaha kwake. Kaka yake mkubwa alikuwa karani wa posta aliyejua anwani za watu wote mjini bila kufungua daftari, akaanza hivyohivyo: funguo kwanza, majina baadaye, kisha mchana mmoja akamwuliza mkewe mwenyewe, kwa adabu zote, kama mume wake atachelewa kurudi. Mwalimu alikuwepo siku hiyo. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, na mpaka leo akikumbuka anasikia kile kikombe kikigonga kisahani.

Kwa hiyo alikuwa na tabia ambayo hakuna aliyeijua. Akipiga mswaki alikuwa akijitajia majina ya wanafunzi wake wa zamani, mstari kwa mstari wa madawati, kuanzia dirishani. Wakija wote, siku inaanza vizuri. Akikosa mmoja, anatoka bafuni ana uso wa mtu aliyepewa habari za msiba, na mkewe anadhani ni meno.

Mambo yalikwenda vyema miezi ya mwanzo. Kamera ya hadubini ndiyo iliyokuwa ikisoma mwanga na kutuma namba, Mwalimu anazipokea, anazilinganisha na milinganyo yake, na kila zikikubaliana Chiriku anamwita baba yake "Profesa" ili amwone akikataa na kufurahi kwa wakati mmoja. Kisha kamera ikaharibika. Kipuri kikaagizwa, na kila aliyewahi kuagiza kipuri cha maabara anajua maana yake. Kikao cha idara kilikuwa kinakaribia, ambapo Chiriku alitakiwa aonyeshe kwamba hesabu na bakteria wanasema lugha moja. Wakakubaliana watumie macho.

Walifanya hivi. Kile chumba cha hadubini ni kidogo, hakina dirisha, kwa sababu mwanga wa nje unafifisha ule wa kijani. Chiriku alikaa mbele ya hadubini ameinamisha shingo, mkono mmoja unasogeza sahani yenye vishimo, kila kishimo na kundi lake la bakteria. Mwalimu alikaa meza ya nyuma, mgongo kwa mgongo na binti yake, kompyuta imepunguzwa mwanga mpaka karibu haionekani. Mmoja anatazama na kutaja, mwingine anasikia na kuandika. Chiriku alitaja upesi, kama kawaida yake ya kumeza nusu ya kila sentensi: "La kwanza, giza. La pili, giza. La tatu, robo. La nne, nusu. La tano, zima. La sita, zima." Mwalimu alifuata kwa vidole viwili bila kukosa hata moja, akajisikia kijana.

Hawakuwa wamekaa kupatana maneno. Nani anakaa kitako na baba yake mzazi kupatana maana ya maneno?

Kule nyumbani, alipoziweka zile namba mpya juu ya mchoro wa milinganyo, alidhani kompyuta imekosea. Mwanzoni vilikubaliana. Palipotakiwa robo palikuwa na robo, palipotakiwa nusu palikuwa na nusu. Lakini pale hasa ambapo makundi yalitakiwa kuwaka yote, pale ambapo ndipo penyewe, ndiyo kumbukumbu yenyewe aliyoipigia makofi, palikuwa na sifuri. Mstari unapanda, unapanda, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Alirudia hesabu, akazirudia kwa mkono, akatafuta alama ya kutoa iliyogeuka kujumlisha. Hakuna alichokiona.

Mtu mwingine angezishuku namba. Yeye hakuzishuku, kwa sababu zilitoka kwenye jicho la Chiriku, na jicho la Chiriku kwake lilikuwa sawa na kitabu. Alishuku kichwa chake. Alikaa kitandani na kuyatazama maandishi yake, akajiambia taratibu kwamba kosa lipo, liko wazi, mwanafunzi yeyote angeliona, na yeye halioni. Ndivyo inavyoanza.

Wakarudia kipimo kwa kiwango kingine cha sukari. Sifuri zikarudi palepale.

Basi akaanza kuficha. Chiriku alipouliza mchoro, alimwambia ampe muda kidogo. Alipouliza tena, alifunga kompyuta kabla hajafika mezani, akasema anasafisha safisha. Mtu mzima na mvi zake, anaficha kazi kama mtoto aliyepata alama mbaya! Jioni moja alipita karibu na jikoni akasikia mama na binti wananong'ona. Alisikia "Baba ananificha kitu," kisha mkewe akasema kwa sauti ya chini kwamba naye ameona, siku hizi hata mswaki anapiga kwa huzuni. Alirudi chumbani bila kuchukua maji aliyoyafuata. Akili yake ilimwambia moja kwa moja kwamba wameshajua, na wanajadiliana nani amwambie.

Alipanga kuwatangulia. Jumamosi, Chiriku atakaporudi kutoka maabara, atamwambia amtafute mtu mwingine wa hesabu. Idarani kuna mhadhiri kijana, mwenye akili na mwenye macho. Sentensi yenyewe aliitunga na kuifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa sababu alitaka isitetereke katikati. "Mwanangu, kazi hii imenizidi." Fupi, haina lawama. Kila akifika kwenye neno la mwisho alilazimika kuanza upya.

Jumamosi hiyo, mchana, alikuwa sebuleni na hiyo sentensi mdomoni. Redio ilikuwa inarusha kipindi cha hadithi anachokipenda mkewe, sauti imefunguliwa mpaka imfikie jikoni, kwa sababu kulikuwa na mwanamke katika hadithi aliyekuwa anakaribia kumfumania mumewe, na hilo mke wa Mwalimu asingekubali limpite. Yeye hasikii hadithi. Anasikia neno la mwisho tu, imenizidi, imenizidi. Mkewe akauliza kitu kwa sauti kutoka jikoni. Mwalimu alilipata neno la mwisho tu la alichosema, akanyoosha mkono, akaifunga redio.

Mkewe alitoka jikoni na kisu mkononi.

"Baba Chiriku, umefanya nini?"

"Umesema zima."

"Nimekuuliza papai lako nikukatie robo, nusu, au utakula zima. Mtu mzima ovyo wewe, umenizimia redio na yule mama ameshashika kitasa!"

Akaifungua mwenyewe. Kipindi kilikuwa kimekwisha, muziki unapigwa. Alimgeukia mumewe atoe hukumu, na pale ndipo alipoona uso wake, akakiweka kisu juu ya meza.

Mwanzoni Mwalimu alikuwa ameona aibu tu. Hili nalo, alijiambia, hata papai. Kisha ile aibu ikasimama njiani. Alimwomba mkewe arudie alichouliza. Mkewe, ambaye sasa alikuwa ameingiwa na wasiwasi kweli, alirudia polepole: robo, nusu, zima.

"Tena."

"Robo, nusu, zima. Baba Chiriku, unaumwa?"

Mwalimu alikwisha kuinuka. Alikuwa anatafuta viatu. Mkewe alimwambia viko miguuni, na kweli vilikuwa miguuni. Alimbusu kipajini, jambo ambalo halikuwa kawaida yao mchana, akatoka na kumwacha na papai lake, na yule mama wa redioni asijulikane kama alifungua mlango au la.

Maabara Jumamosi haina watu, ila Chiriku alikuwepo, kwani bakteria hawajui mwisho wa wiki, wanataka chakula kila siku. Alikuwa amesimama na sahani mpya mikononi, amevaa glavu, anaimba wimbo asioujua maneno yake. Alimwona baba yake mlangoni anahema, na wimbo ukamkatikia. Aliuliza kama Mama yuko salama. Mwalimu alisema Mama yuko salama ila amekasirika.

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kusoma matokeo ya darasa.

"Chiriku. Ukiwa pale kwenye hadubini, ukisema zima, una maana gani?"

"Zima lipi?"

"Lako. Giza, robo, nusu, zima."

"Kundi zima, Baba. Kundi lote linawaka, hakuna aliyebaki." Aliweka sahani chini taratibu. "Kwani wewe ulikuwa unaandika nini?"

Mwalimu alitazama vidole vyake viwili. Miezi yote ile walikuwa wakisema jeni imewaka, jeni imezima. Masikioni mwake neno hilo lilikuwa na njia moja tu: kuzimika.

"Baba. Usiniambie uliandika sifuri."

"Niliandika sifuri."

"Kote nilikosema zima?"

"Kote."

Laiti angesema seli nzima, ile herufi moja ya mbele ingewaokoa wote wawili. Lakini ni kundi, na kundi ni zima, lugha ndiyo ilivyopanga na hakuna wa kumshitaki. Chiriku aliufunika uso kwa mkono wenye glavu, akakumbuka glavu ina nini, akauondoa upesi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashuka sakafuni na kuegemea kabati. Makundi yaliyong'aa kuliko yote, alisema, yale yaliyomfanya aone usiku hauchi ili apeleke habari kwa msimamizi wake, baba yake mwenyewe ameyazima moja moja kwa vidole viwili. Alisema hayo kwa vipande, katikati ya kukohoa.

Mwalimu naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alivua miwani na kuifuta na shati bila sababu. Chiriku aliliona hilo na akanyamaza, na kumbukeni ni nani huyo aliyenyamaza.

"Nilidhani kichwa kimeanza kuzima," alisema Mwalimu. "Kama cha baba yako mkubwa. Nilitafuta kosa nikalikosa, nikasema basi. Nilipanga leo nikwambie utafute mtu mwingine."

Akamweleza yote, mambo ambayo hata mkewe hakuwahi kuyasikia. Miwani ya kwenye jokofu. Mistari ya madawati wakati wa kupiga mswaki. Mnong'ono wa jikoni. Alisema iliyomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye anayeandika milinganyo ya kumbukumbu, na yeye ndiye ambaye kumbukumbu inamkimbia. Aliona kama ni kejeli ya mtu anayemjua.

Chiriku alikaa palepale sakafuni na machozi yakamtoka waziwazi, hakuyaficha. Alimwambia kwamba kule jikoni hakuna aliyekuwa anazungumzia kichwa chake. Yeye alikuwa anamlilia mama yake kwamba Baba amegundua bakteria wake ni takataka, kwamba kazi yote ya miaka haina maana, na kwa huruma yake anashindwa kumwambia. Wiki zile zote alikuwa anaogopa baba yake atafungua mdomo. Na baba yake alikuwa anaogopa binti ndiye atafungua wake.

"Tumeogopana bure," alisema.

"Kwa neno la herufi nne," alisema Mwalimu, ambaye hata kwenye msiba angehesabu.

Chiriku aliinuka, akajipangusa, akavaa glavu nyingine. Sahani aliyokuwa ameishika ilikuwa ya kipimo kilekile, makundi mapya, tayari kusomwa. Alimwambia baba yake wabadilishane kazi: asitumie kompyuta wala karatasi. Yeye atamtajia sukari iliyomo kwenye kila kishimo na kama kundi liliwahi kushiba huko nyuma, na Mwalimu atasema kutoka kichwani, kabla jicho halijafika, litaonekanaje. Mwalimu alisema huo ni utoto. Alishaanza kukunja mikono ya shati.

Wakazima taa. Hiyo ndiyo zima isiyo na ubishi.

"Sukari kidogo, halijawahi kushiba," alisema Chiriku gizani.

"Giza."

Sahani ikasogea. "Giza kweli. Sukari ileile, lilishiba zamani."

Mwalimu alifumba macho ingawa hakukuwa na cha kuona. Bomba, tundu, maji yanayopanda na bomba linalozidi kujifungua. "Linawaka," alisema. "Lote."

Sahani ikasogea tena. "Lote, Baba."

Waliendelea hivyo, yeye anatangulia, binti anafuata na jicho, na sauti ya Mwalimu ikazidi kunyooka kadiri walivyosonga, mpaka ikawa ileile iliyokuwa ikisikika mpaka darasa la jirani na milango imefungwa. Alikosa mara moja tu. Alisema lote, likawa nusu. Alikunja uso akataka kujua kwa nini, na Chiriku alimjibu kwamba hao ni viumbe hai, wengine wanaamka vibaya. Jibu hilo lilimpendeza kuliko alivyotarajia.

"Sasa njoo utazame," alisema Chiriku.

Siku zote Mwalimu alikuwa anakataa. Husema mtu wa hesabu hana haja ya kuchungulia, kinachotakiwa kiko kwenye mlinganyo. Safari hii alipapasa mpaka kwenye kiti, binti yake akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwelekeza, kama baba alivyokuwa akimwelekeza binti kwenye tundu la kufuli enzi za kujifunza kufungua mlango. Akasogeza jicho. Alichokiona hakikuwa namba wala mstari unaopanda. Vilikuwa vijidude vingi visivyohesabika, kila kimoja kimejiwasha chenyewe, kijani tupu toka ukingo hadi ukingo, na sukari iliyobaki mle ndani ilikuwa kidogo sana.

"Na hawa ndio walioonja zamani," alisema, kana kwamba si yeye aliyewaambia watu hivyo.

"Ndio hao." Chiriku alikuwa bado ameshika kichwa chake. "Nisikilize, Baba. Siku kichwa kikianza kweli, kama kitaanza, uniambie mimi kwanza. Usijifungie chumbani. Umeandika mwenyewe: kundi lililokwisha kuwaka, sukari kidogo inalitosha. Mimi nitakuwa nakuletea hiyo kidogo kila siku."

Mwalimu hakuliondoa jicho kwenye hadubini, kwa sababu lilikuwa limelowa. Alisema sawa. Baadaye akasema tena, sawa, mwanangu, ili ahesabike ameahidi.

Walikubaliana papo hapo kwamba kuanzia siku hiyo kundi lililowaka lote litaitwa "tele", na neno lile jingine lisisikike tena katika chumba kile isipokuwa kwa ajili ya taa. Mwalimu alitaka liandikwe na kubandikwa ukutani. Chiriku alisema atabandika, kisha akaongeza mengine mengi, kuhusu kikao cha idara, kuhusu jinsi atakavyoanza na lile kosa lenyewe ili wacheke kwanza, kuhusu kipuri cha kamera ambacho sasa hakitaki tena, na hakupumzika mpaka alipokuwa ameshafungua mlango na baba yake ameshafika ukumbini.

Mwalimu alikuwa karibu na ngazi aliposikia viatu vinamkimbilia. Aligeuka. Chiriku alikuwa amenyoosha mkono, na mkononi ilikuwemo miwani yake. Mwalimu alikuwa ameivua ili achungulie, akaiacha palepale kando ya hadubini. Aliitazama bila kuipokea. Ile hofu ya zamani ikachungulia kidogo, kama mgeni anayeangalia kama mlango umefungwa.

Chiriku aliuona uso huo, na safari hii aliufahamu. Alimvalisha miwani mwenyewe, upande mmoja, kisha wa pili, akairekebisha puani.

"Baba, wewe ni mzima."

"Mzima kwa maana ipi?"

Chiriku alifikiri, maana aliyeuliza alitaka jibu sahihi.

"Zote," alisema, "isipokuwa ile uliyoiandika wewe."

Wakashuka ngazi pamoja kwenda kula papai.